Kidoto Kilichoteleza Angani

Mjukuu wangu ni rubani. Naanzia hapo kwa sababu ndipo ninapoanzia kila mahali: sokoni Darajani, msibani, kwenye foleni ya daktari wa macho. Mtu akiniuliza hali yangu namwambia alhamdulillahi, mjukuu wangu anarusha ndege. Wengine washanizoea, wakiniona kwa mbali hukata kichochoro cha pili. Shauri yao. Wajukuu zao wanarusha nini?

Nimemlea mimi, hapa hapa Kikwajuni, maana mama yake aliolewa Maskati na huko ndiko aliko. Skuli mimi niliachia darasa la nne. Kusoma nasoma, na kuandika ndiko huku mnakokuona. Lakini mambo ya ndege nayajua kuliko wazee wengi wa mtaa huu, na niliyajua mwaka ule mjukuu wangu alipojifungua.

Shirika analofanyia kazi ni dogo, lina ndege za kupeleka watu Pemba na Dar. Tumbo lilipoanza kuonekana wakamshusha chini, akakaa. Akazaa salama, mtoto wa kike, mnene, mwenye hasira. Arobaini nikaisimamia mwenyewe, na mimi katika arobaini sina mchezo. Maji ya moto asubuhi na jioni, kukandwa, tumbo kufungwa mpaka apumue kwa adabu, uji wa pilipili manga, na mafusho mpaka jirani akaja kuuliza kama tunaungua. Ilipokwisha arobaini, na mtoto akakaza shingo, nikatoa shati lake jeupe lenye mistari mabegani, nikalipiga pasi, nikalitundika mlangoni pake alione akiamka.

Akaliona, akacheka. Akanambia, "Bibi, mie sina ruhusa ya mawingu."

Nikafikiri amefukuzwa. Hakufukuzwa. Akakaa kitandani, mtoto kifuani, akanieleza taratibu kama anamweleza abiria mwoga. Leseni yake ya urubani anayo, hakuna aliyeichukua. Lakini kuingia na ndege ndani ya wingu, pahala ambapo ukitazama nje huoni ila weupe, hilo lina ruhusa yake peke yake, na ruhusa hiyo inataka itumiwe. Ndani ya miezi sita iliyopita lazima rubani awe ameishusha ndege mpaka karibu na uwanja mara sita kwa kufuata vipima tu, ile mishale na namba zilizo mbele yake, bila ya kutazama nje. Kila kushuka kwa namna hiyo yeye anakuita mshuko. Tena lazima awe amezunguka angani kungoja zamu, kwa vipima vile vile. Miezi ikipita hakufanya, ruhusa inalala, mpaka mkaguzi, ambaye yake iko macho, akae ubavuni mwake angani ampime upya. Anaweza kuruka siku ya jua kali, anapoona kila kitu, lakini shirika gani litamlipa rubani anayechagua jua? Watu wa Pemba wanapanda ndege mvua ikinyesha.

Kwa hiyo ilikuwa kama tui. Halikuibiwa, halikumwagika, limo mle mle chunguni, lakini limechacha.

Nikamwambia huo ni upuuzi. Mimi nimepika pilau za maharusi tangu mama yake hajazaliwa. Nikikaa mwaka mzima sikupika, nani ataniweka chini anipime kama bado najua kukaanga kitunguu?

"Bibi," akasema, "pilau likiungua watu watakula mkate."

Nikaenda kukunja nguo.

Sasa mwingine katika habari hii ni mavyaa wake, mama wa mumewe, mtu wa Mangapwani. Mwanamke mzuri, sisemi vibaya, mikono mikubwa ya kazi, na kila wiki alikuwa akija kwangu na mkungu wa ndizi na maoni. Ndizi nilizipokea. Maoni yake yalikuwa kwamba Mungu amefunga mlango mmoja ili mtu apite mwingine: mama wa mtoto mchanga hana haja ya kutafuta mawingu, na ofisi ya tikiti pale uwanja wa ndege wanataka mtu, kazi ya kukaa, saa kumi nyumbani. Mwanawe, yaani mume wa mjukuu wangu, ni mpole mno. Ukimuuliza lake katika mambo hayo anatazama mlango.

Na kweli ile kazi ya tikiti ilikuwapo. Mkubwa wa shirika alimwambia mjukuu wangu wazi: masika yanakuja, na masika ni mawingu matupu. Ruhusa yake ikirudi kabla ya mvua, kiti chake cha mbele kipo. Isiporudi, kiti apewe mwingine, na yeye ahamie dirishani akauze tikiti. Tukakaa mkekani kwangu, tukakubaliana hivyo hivyo. Mkaguzi akitia saini, anaruka. Asipotia, anauza tikiti na asisikike mtu kulalamika. Mavyaa alikubali mbio, anatabasamu kama mtu aliyezichungulia karata za mwenzake.

Mimi bado niliona jambo lenyewe dogo. Nikasema mbele yao kwamba umeme ukikatika mimi natembea nyumba hii nzima bila ya taa, naingia jikoni, nachukua chumvi, narudi. Mtu kutazama namba tu kuna nini? Mjukuu wangu hakubishana. Akateremka kwa fundi cherehani hapo chini, akaazima kile kiti chake kinachozunguka, akanikalisha, akanifunga macho na khanga yangu mwenyewe.

Nikamwambia hiki ni kidoto. Hakulijua neno hilo, na rubani mzima. Nikamweleza nilipokuwa mdogo mjini kulikuwa na vinu vya mafuta ya ufuta, ngamia anakizunguka kinu kutwa kucha, na machoni wanamfunga kidoto asione kizunguzungu. Yeye anadhani anakwenda safari, kumbe yuko pale pale. Mjukuu wangu akasema hata wao wanacho, kofia ya plastiki yenye ukingo mrefu, rubani anaivaa wakati wa mazoezi ili asione dirisha, aone vipima tu. Tangu siku hiyo kwetu kofia ile ikaitwa kidoto, na jina likafika mpaka kazini kwao.

Basi akaanza kunizungusha, polepole. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikasema kulia. Baada ya muda nikasema tumesimama, na mavyaa akaguna, maana kumbe kiti kilikuwa bado kinakwenda. Kiliposimama kweli, wallahi nilijiona nageuka kushoto, nikashika mikono ya kiti nisianguke.

"Haya Bibi," akasema. "Kibla wapi?"

Chumba kile nimesali maisha yangu yote ya utu uzima. Nikanyoosha mkono mzima, sikunyoosha kidole, nikasema pale. Akanifungua khanga. Nilikuwa nimeelekeza mlango wa choo.

Mavyaa alicheka mpaka mtoto mapajani mwake akaanza kuruka ruka. Alipopata pumzi akanambia, "Mama, huko usitie nia hata kidogo."

Nilistaghafiri, na mimi pia nikacheka, lakini mwili ulikuwa bado unaniapia kwamba kibla ni kule, mlango ndio umehama. Mjukuu wangu akasema hivyo ndivyo. Ndani ya wingu mwili unaapa, na unaapa uongo, na watu wamekufa kwa kuuamini. Kazi yake yeye ni kuufuata mshale na kuuacha mwili upige kelele. Mtu akikaa chini muda mrefu, mwili unapata tena sauti. Ndiyo maana wanapimwa.

Basi nikanyamaza, na mimi nikinyamaza huwa nimekubali. Kuanzia siku hiyo nikawa msaidizi. Alibandika picha kubwa ya vipima kwenye mlango wa kabati, akakaa mbele yake juu ya kibao cha mbuzi, mikono hewani, na mimi nimesimama nyuma na karatasi aliyoniandikia, namsomea kimo: futi elfu mbili, elfu moja na mia tano, elfu moja. Tukifika chini kabisa namuuliza, "Uwanja unaonekana?" Akisema hauonekani, namwamuru, "Basi panda." Hili neno nililipenda. Sheria yao ni hiyo: ukifika kimo kilichowekwa na uwanja hujauona, unapanda juu, huna haja ya kuona haya, ukajaribu tena au ukaenda kwingine. Siku moja katikati ya mshuko nikamuuliza kama amewatoa samaki kwenye barafu. Akaumaliza mshuko wake kwanza. Baadaye akanambia rubani akishuka haulizwi samaki, hata na bibi yake.

Siku ya kupimwa ilikuwa ya jua, lakini upande wa bara mawingu yalishaanza kujipanga. Mkaguzi alikuja kutoka Dar kwa siku mbili tu, akimaliza anaondoka na hajulikani atarudi lini. Mjukuu wangu alivaa shati lake na ushungi mpya wa hariri, mweusi, nimemnunulia mimi, maana mtu haendi kukaguliwa na ushungi uliopauka. Mavyaa alifika mapema kutoka Mangapwani, eti kushika mtoto. Mimi nilijua amekuja kutazama karata zake.

Dari ya nyumba yetu ni bapa, tunaanikia nguo. Ndege zikitokea kaskazini zinapita ufukweni Bububu, zinakuja juu ya mji zinashuka, zinatupita, zinakwenda kutua. Tukapanda sote wawili na mtoto. Haukupita muda ndege ndogo ikaja, inashuka vizuri, imenyooka, ikatupita juu. Tukaifuata kwa macho kuelekea uwanjani. Kabla ya kugusa, ikanguruma, ikapanda tena juu.

Mavyaa akasema, "Ameshindwa kutua."

Nikamwambia hakushindwa, anapandishwa makusudi, ndio mtihani wenyewe: mkaguzi anamwambia ajifanye hajauona uwanja. Akaniitikia naam, naam, kama unavyomwitikia mgonjwa. Ndege ikazunguka, ikaja tena, ikashuka, ikapanda tena.

"Ameshindwa tena, maskini."

Nikamwambia akome kumhurumia mjukuu wangu mbele yangu. Mara ya nne tulikuwa hatusemezani. Mwisho ndege ikatua ikabaki chini, na sisi tukateremka kwenda kukuna nazi, kila mtu na mbuzi yake.

Akarudi baada ya adhuhuri, shati limemganda mgongoni. Akamchukua mtoto, akamnyonyesha, akasema yote yamekwenda vizuri isipokuwa mshuko mmoja haukuhesabiwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kidoto kiliteleza. Kile cha plastiki hakina pa kushika juu ya hariri. Alipoinua kidevu kusoma kipima cha juu, kikarudi nyuma kisogoni, na uwanja mzima ukamwingia machoni, mweupe, mrefu. Wakati huo mkaguzi alikuwa ametazama upande wa pili, anaangalia ndege nyingine. Hakuona kitu. Mjukuu wangu akakirudisha kidoto, akamwambia mkaguzi mshuko huo asiuhesabu, yeye ameuona uwanja. Mkaguzi akaufuta. Walipotaka kuurudia, ndege ilikuwa inangojwa na abiria. Umebaki mmoja, wa kesho asubuhi, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya mkaguzi, na mbingu kila mtu anaiona ilivyo.

Nikamuuliza kuna mtu alimwona. Akasema hakuna. Nikamuuliza sasa ulimi ulimwasha nini.

Hakuinua hata sauti. "Bibi, siku nikiwa na watu ndani ya wingu, ule mshuko niliouiba nitautoa wapi?"

Nikamgeukia mavyaa, nikitegemea nitamkuta anatabasamu. Alikuwa anakunja nepi za mtoto, ameinamisha uso. Alizikunja zote mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Kilete hicho kidoto."

Akapewa. Akakishika shika, akajivika mwenyewe juu ya ushungi wake, kikaanguka. Akakitoa, akamwita mjukuu wangu akae chini mbele yake. Akamvua hariri. Akachukua khanga yake ya pamba, kuukuu, laini, akaikunja pembe, akamfunga kichwani namna wanavyofunga wanawake wa kwao wakienda mwambani kuokota chaza, pahala ambapo upepo unamvua mtu kila kitu ila haya. Mara ya kwanza kupita kisogoni, mara ya pili juu ya paji, fundo nyuma ya sikio, na fundo lenyewe akalivuta mpaka macho ya mjukuu wangu yakawa membamba. Akamvisha kidoto juu yake.

"Tikisa kichwa."

Akatikisa. Kikakaa.

"Inama. Rukuu."

Akarukuu. Kikakaa kama kimepigwa misumari.

Nikamuuliza mavyaa, maana mimi si mtu wa kuficha neno, yeye hasa yuko upande gani.

"Mie Mama sitaki aruke," akasema. "Sikutaka jana, na leo sitaki. Lakini nataka ashindwe kwa haki. Akishindwa kwa kitambaa atanilaumu mpaka naingia kaburini."

Usiku huo hakurudi kwao, alilala kwangu. Alfajiri akamfunga mjukuu wangu ile khanga kwa mkono wake, na mimi nikamshikia pini, na binti wa watu akaenda kwa mkaguzi na shati la mistari mabegani na khanga ya chaza kichwani.

Mvua ilianza kabla hajafika uwanjani. Si ile ya kumwagika, ile nyembamba inayoshuka na wingu lenyewe mpaka juu ya mapaa. Mtoto tukamwachia baba yake, tukapanda darini na mwavuli mmoja. Mara hii hakukuwa na kitu cha kutazama. Maghorofa ya Michenzani tuliyaona nusu, vichwa havipo. Tukasikia mlio unatokea upande wa Bububu, unakuja, unakuja, ukatupita juu kabisa ya vichwa vyetu, na sisi tumeinua nyuso, tunaona weupe tu.

Nilijikuta nauliza kwa sauti, "Uwanja unaonekana?"

Mlio ukashuka kuelekea uwanjani, kisha ukanguruma, ukapanda.

Mavyaa akanishika kifundo cha mkono. "Mama, hii ndiyo ile ya makusudi, au siyo?"

Na mimi, niliyemfundisha jana yake, sikujua. Nilijua neno la kusema, basi panda, lakini nilikuwa sijawahi kulisikia likifanyika kwenye wingu la kweli, na mtu wangu yumo ndani. Midomo ya mavyaa ilikuwa inakwenda. Na yangu. Mlio ukazama kabisa. Tukabaki na mvua na mwavuli, na yeye hakuniachia mkono, na mimi sikuutaka urudi.

Ulikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kisha ukaja tena, kutoka kule kule kaskazini, chini zaidi. Nikaona taa kwanza. Halafu ndege yote ikachomoza chini ya wingu, magurudumu nje, imenyooka kama inavutwa kwa uzi, ikatupita, ikaenda, ikashuka, na mara hii haikunguruma.

Tuliteremka ngazi tumelowa, tukakaa sebuleni kuitazama simu. Ilipolia niliibonyeza sauti ya nje ili mavyaa asije akasema nimemficha.

"Imesainiwa, Bibi."

Akasema ule mshuko wa kwanza ulikuwa wa kweli. Walifika kimo chao, uwanja haukuonekana, wakapanda. Mkaguzi akauhesabu huo huo. Wa pili walikuja kutua kwa sababu wingu lilifunguka kidogo. Nikaanza alhamdulillahi, moja juu ya nyingine. Mavyaa ndiye aliyeinama kwenye simu.

"Ushungi haukuteleza?"

"Haukuteleza, Mama. Na sasa nashindwa kuufungua."

Ikawa kweli. Alikuja nao hivyo hivyo, amepita uwanjani mbele ya wakubwa zake, ameshuka garini, amepanda ngazi, na fundo nyuma ya sikio limelowa limekuwa jiwe. Mavyaa alimlaza kichwa mapajani, akalifungua kwa meno. Lilimchukua muda. Alipomaliza, paji la mjukuu wangu lilikuwa na mstari mwekundu, na mavyaa akapitisha kidole juu yake, akamwambia vizuri, sasa sikiliza: siku za kuruka mtoto aletwe Mangapwani, huko kuna hewa.

Nikamwambia hewa ipo hata Kikwajuni. Akasema huku kuna moshi wa magari. Nikamwambia huko kuna mbu. Akasema mwanawe amekulia huko na yu mzima. Nikamwambia ndiyo, na ukimuuliza neno anatazama mlango. Akasema ataanza na Jumatatu na Jumatano, basi, na mimi nichukue zilizobaki. Nikamuuliza nani amempa ruhusa ya kugawa siku za kitukuu changu, na katikati ya hayo mjukuu wangu alikuwa ameshalala pale pale mkekani, mdomo wazi, mtoto ubavuni. Mavyaa akamfunika na khanga ile ile yenye maji. Nikaiondoa, nikaleta kavu.

Tukapunguza sauti, tukaendelea kugombana.